Mji Unaohesabiwa Usiku

Tangu Muungano, Tanzania imefanya sensa sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Zote sita zilifanyika mwezi wa Agosti, na katika zote karani alibisha hodi akiwa na swali moja la msingi: ni nani waliolala hapa usiku wa kuamkia siku ya Sensa? Kwa nchi nzima swali hilo linafaa sana. Mtu hulala mahali pamoja tu kwa usiku mmoja, kwa hiyo hahesabiwi mara mbili. Ndivyo tulivyojua kwamba kulipokucha tarehe 23 Agosti 2022 Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120.

Kwa mji kama Kibaigwa swali hilo linajibu nusu tu ya tunayotaka kujua. Huu ni mji mdogo wa Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, uliokaa juu ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Ukitoka mashariki unaipita Gairo, unaingia Kibaigwa, kisha unafika Mbande penye njia panda ya kwenda Kongwa na Mpwapwa. Hadi Dodoma mjini hazifiki kilomita 100. Abiria wa basi huona vituo vya mafuta, nyumba za wageni, mabanda ya mama lishe na malori yaliyoegeshwa kando ya lami, halafu safari inaendelea. Nyuma ya hayo yote kuna soko la nafaka ambalo sauti yake husikika hadi Dar es Salaam na Nairobi, kwa sababu bei ya sembe mijini huanza kupangwa mahali kama hapa.

Mwezi wa sensa nao una maana yake. Ugogo, nchi hii ya Wagogo, ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe kwa wastani ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Watu hupanda Desemba, mahindi hukauka shambani kuanzia Mei, mavuno huingia Juni, na soko hufurika kuanzia Julai hadi Septemba. Kwa hiyo karani wa sensa hufika Kibaigwa wakati nyumba za wageni zimejaa madereva na wanunuzi, vyumba vya kupanga vimejaa vijana waliokuja kupakia magunia, na dalali hana muda wa kukaa nyumbani. Angefika Februari angewakuta wengi wa vijana hao wakiwa vijijini kwao, wameshika majembe. Takwimu ya Agosti ni ya mji ulio katika kilele chake, na mipango ya mwaka mzima hujengwa juu yake.

Hata kilele hicho kina upungufu. Anayetoka kijijini alfajiri na magunia matano juu ya lori la mizigo, akauza, akanunua sukari, chumvi na viatu vya mtoto, kisha akarudi kwao kabla ya magharibi, huhesabiwa kijijini kwake. Ndivyo inavyopaswa. Lakini choo alichotumia, maji aliyokunywa, vumbi alilolivuta na fedha alizoziacha ni vya Kibaigwa. Mji huu hulala na watu wake na kuamka na watu wa wilaya kadhaa.

Tuzitazame wilaya hizo. Sensa ya 2012 iliikuta Kongwa na watu 309,973. Miaka kumi baadaye walikuwa 443,867. Hilo ni ongezeko la asilimia 43, wakati nchi nzima katika kipindi hicho iliongezeka kwa asilimia 37. Kaskazini yake kuna Kiteto, iliyokuwa na watu 244,669 mwaka 2012 na 352,305 mwaka 2022, yaani ongezeko la asilimia 44. Ukijumlisha wilaya hizi mbili unapata karibu watu laki nane. Si wote wanaouza Kibaigwa, lakini uzalishaji wao ndio unaoupa mji huu kazi. Na hapo ndipo msomaji wa takwimu anapokwama, kwa sababu Kiteto iko Mkoa wa Manyara. Mashamba yanayoijaza Kibaigwa yameandikwa katika kitabu cha mkoa mwingine. Anayeusoma mji huu katika jedwali la Dodoma peke yake anaona soko lisilo na shamba.

Kiteto iliongezeka kwa sababu watu waliifuata ardhi. Wakulima wa Kongwa na wa sehemu nyingine za Dodoma, walipochoka kulima udongo uliokwisha nguvu, walivuka mpaka wa wilaya wakafungua mashamba mapya katika nyanda ambazo kwa vizazi vingi zilikuwa malisho ya Wamasai. Mahindi yaliongezeka. Migogoro nayo iliongezeka, na Januari 2014 ugomvi wa wakulima na wafugaji katika eneo la hifadhi ya Emboley Murtangos uliishia kwenye mauaji. Sipendi kuuandika wasifu wa soko hili bila kulitaja jambo hilo. Gunia linapofika Kibaigwa halina alama ya kuonyesha shamba lilikotoka lilipatikanaje, na mnunuzi hana desturi ya kuuliza.

Kwa nini soko limeota hapa na si kwingine? Jibu la kwanza ni barabara, na watu wengi huishia hapo. Jibu la pili ni refu zaidi, na linaanzia kwenye mradi mkubwa ulioshindikana katika wilaya hii hii.

Mwaka 1946 tume ya John Wakefield iliishauri serikali ya Uingereza kulima karanga katika ekari 3,210,000 za Afrika Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na ilihitaji mafuta ya kula. Makao ya mwanzo ya mradi yalikuwa Kongwa. Mwaka 1947 lengo lilikuwa kusafisha ekari 150,000, lakini zilizosafishwa hazikufika hata 10,000. Matrekta yalivunjika kwenye mizizi ya vichaka vya Ugogo. Udongo wenye mfinyanzi ulikuwa laini wakati wa mvua, kisha ukakauka ukawa mgumu, na karanga zikabaki zimefungiwa chini. Mvua nayo haikuja kama ilivyoandikwa kwenye mpango. Reli ya tawi ilijengwa kutoka Msagali, ikaja ikang'olewa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuufuta mradi, na hasara ilikuwa paundi milioni 36 na zaidi.

Wagogo walioishi pale waliijua ardhi hiyo. Walikuwa na mtama na uwele, mazao yanayovumilia mvua isiyo na uhakika, na walikuwa na ng'ombe kwa ajili ya mwaka ambao mvua haikuja kabisa. Ushauri wao haukuwa sehemu ya hesabu za Wakefield. Huo, kwa maoni yangu, ndio upungufu mkubwa kuliko wote wa mradi ule, kuliko hata matrekta.

Baada ya Uhuru dola ilirudi kwenye nafaka kwa njia nyingine. Shirika la Usagishaji la Taifa, lililoundwa mwaka 1968, likawa mnunuzi mkuu, na kuanzia katikati ya miaka ya 1970 mahindi yakawa na bei moja nchi nzima. Mkulima wa pembezoni alilipwa sawa na aliye jirani na soko. Lengo lilikuwa la haki, na sitalibeza. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, malipo yakachelewa, na mahindi yakaanza kupita njia za panya. Mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi, mtu mwenye magunia aliweza kuitwa mlanguzi. Mwaka uliofuata serikali ilianza kulegeza: mtu akaruhusiwa kusafirisha hadi kilo 500 za nafaka kutoka mkoa hadi mkoa. Mwaka 1987 vizuizi vya barabarani vya kukagua nafaka viliondolewa.

Kilo 500 ni magunia matano. Mlango uliofunguliwa mwaka 1984 ulikuwa mdogo hivyo, na soko la Kibaigwa limepanuka kupitia mlango huo. Kizuizi kilipoondoka, mahali penye lami karibu na mashamba ya Kongwa na Kiteto pakawa mahali pa kushushia mzigo, pa kulala na pa kubishania bei. Baadaye ndipo ulipokuja uzio, yakaja maghala na mizani, na jina la soko la kimataifa la mazao. Mipango ya serikali iliukuta mkusanyiko wa watu ukiwa tayari upo, ikaujengea. Kwa mji ulio katika wilaya iliyokuwa makao ya mwanzo ya mradi uliomeza paundi milioni 36 bila kutoa karanga za maana, jambo hilo lina uzito wake.

Sasa tuingie sokoni, kwa sababu huko ndiko takwimu za kweli za Kibaigwa ziliko.

Kipimo cha kwanza ni debe. Debe la lita 20 hubeba mahindi makavu ya kiasi cha kilo 17, na debe sita hutoa gunia linalokaribia kilo 100. Hiyo ndiyo hesabu ya halali. Hesabu ya shambani mara nyingi huwa nyingine. Mnunuzi anayefika hadi kijijini huja na magunia yake, hujaza debe la saba, hushona kilemba juu, na gunia hilo huitwa lumbesa. Analipa bei ya gunia moja. Mkulima mwenye magunia 30 ya namna hiyo ametoa debe 30 bure, na debe 30 ni magunia matano kamili. Katika magunia 300 ya lumbesa, zawadi hiyo ya kulazimishwa inakuwa magunia 50, yaani tani tano. Mnunuzi hayapotezi: mjini atauza kwa kilo, na kila kilo italipiwa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo hupita kukagua. Lakini mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa Julai hana nguvu ya kumwambia mnunuzi arudishe debe la saba, na mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila uwanja wa nyumba.

Ndani ya soko mambo ni afadhali, kwa sababu kuna mzani. Mzani ndiyo huduma kubwa kuliko zote ambazo mji huu unampa mkulima. Anayeleta mzigo wake mwenyewe hadi Kibaigwa hulipia usafiri na kazi ya kushusha, lakini huuza kilo. Ndiyo maana vijana wenye pikipiki za matairi matatu na wenye malori madogo ya kukodi ni watu wa muhimu kuliko wanavyohesabiwa. Wao ndio wanaompa mkulima njia ya kulikimbia debe la saba.

Halafu kuna dalali. Wengi humlaumu, na lawama nyingine anastahili, lakini tumwangalie kwa haki. Mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam anayetaka tani 30, yaani magunia 300 ya kilo 100, kwa siku moja au mbili hawezi kuzipata mwenyewe. Hawajui wenye mzigo, hajui yupi amechanganya mahindi ya mwaka jana na mapya, hajui nani anauza kwa haraka na nani anasubiri. Dalali anajua. Hukusanya, hudhamini, hutafuta wapakiaji, hulipwa kwa gunia. Tatizo ni kwamba anajua bei ya pande zote mbili, na mkulima anajua ya upande mmoja tu, tena ile anayoambiwa. Faida ya dalali hukaa katika pengo hilo.

Nyuma ya dalali kuna jeshi la kazi. Makuli hubeba gunia la kilo 100 mgongoni na kupanda nalo ubao hadi juu ya lori, mara nyingi kwa siku, na hulipwa kwa kila gunia. Wanawake hupepeta na kuchekecha, wakitenga punje zilizovunjika, mchanga na vipande vya magunzi. Kuna washonaji wa magunia, wauza magunia matupu, mafundi wa matairi, wauza chai ya saa kumi usiku. Kando ya mahindi kuna alizeti, karanga, ufuta, mtama na mbaazi, na kuna mashine za kukamua mafuta ambazo mashudu yake huwafuata wafugaji. Katika safu moja ya mabanda utasikia Kigogo, Kikaguru cha watu wa Gairo, Kirangi cha watu wa Kondoa na Kimasai, na biashara yote ikimalizwa kwa Kiswahili.

Kazi ya kuchekecha haiko kwenye takwimu yoyote inayosomwa kwenye kikao cha bajeti. Ni kazi ya kutwa, haina mkataba, haina risiti. Mwanamke aliyechekecha mahindi kwa miaka kumi huweza kujibu swali la karani kuhusu shughuli yake kwa kusema ni mkulima, kwa sababu kweli ana shamba. Jibu ni sahihi na mji umempoteza.

Mzigo unapotoka, halmashauri hukata ushuru. Kabla ya 2017 ushuru wa mazao uliweza kufika asilimia tano. Bajeti ya 2017/18 iliushusha hadi asilimia tatu kwa mazao ya biashara na mbili kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa unapovushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Tuseme gunia la mahindi ni shilingi 50,000: ushuru wake ni 1,000, na lori la magunia 300 huacha 300,000. Msamaha wa tani moja ni magunia kumi ya kilo 100, na uliwekwa kwa ajili ya mkulima mdogo. Lakini magunia kumi ya lumbesa yanapita tani moja, kwa hiyo aliyefungiwa debe la saba anaweza kuukosa hata msamaha. Kodi katika njia hii si jambo geni. Katika karne ya 19 misafara iliyopita Ugogo ililipa hongo kwa watemi kabla ya kuruhusiwa kutumia maji na kuendelea.

Yapo mambo mawili yanayoweza kuutikisa mji huu kwa wiki moja, na yote mawili hayatoki Kibaigwa. La kwanza ni amri. Mwaka 2011 serikali ilizuia mahindi kwenda nje, na Juni 2017 ilizuia tena, ikitaka watu wauze unga badala ya nafaka. Sababu ya usalama wa chakula ilielezwa na inaeleweka. Lakini anayelipia kizuizi ni yule aliyekwisha kulima, kwa sababu bei huanguka akiwa tayari ana mzigo. Machi 2021 amri ilitoka upande wa pili: Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ikaruhusu tena kwa masharti baada ya siku chache.

La pili ni hiyo sumukuvu yenyewe, na hapa hesabu ni za watu. Mwaka 2016 ugonjwa uliotokana nayo ulizuka katika vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara, eneo ambalo mahindi ni mlo wa kila siku. Wagonjwa 68 waliorodheshwa, na 20 kati yao walikufa. Fangasi wanaotengeneza sumu hiyo hukua kwenye mahindi na karanga zilizonyeshewa au kuhifadhiwa bila kukauka vizuri. Sumu haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupikwa. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Sokoni, kipimo cha wengi bado ni kung'ata punje na kusikiliza mlio wake. Meno ya mnunuzi mzoefu yanaweza kutambua punje mbichi, lakini hayawezi kutambua sumu. Kituo cha serikali cha kushughulikia mazao baada ya kuvuna kimejengwa Mtanana, wilaya hiyo hiyo ya Kongwa, na kazi yake itapimwa kwa idadi ya magunia yatakayopitia huko kabla hayajafika sokoni.

Kwa hiyo anayetaka kuijua Kibaigwa ni lazima ahesabu vitu viwili. Watu wanaolala, kama sensa inavyofanya. Na mzigo unaopita, pamoja na watu wanaoubeba. Hesabu ya pili tayari ipo. Kila lori linalotoka hukatiwa risiti ya ushuru yenye aina ya zao, kiasi na tarehe. Mwaka mzima wa risiti hizo ungetuambia mahindi yanaanza kuingia wiki gani, bei inashuka lini, alizeti inapanda kwa kiasi gani, na siku za kilele mji unahitaji maji na vyoo kwa watu wangapi. Kwa sasa risiti hutumika kujua fedha zilizokusanywa, na kazi yake huishia hapo.

Ombi langu kwa halmashauri na uongozi wa soko ni dogo na halihitaji mfadhili. Wekeni ubao mkubwa langoni, na kila asubuhi andikeni magunia yaliyoingia jana, yaliyotoka, na bei ya chini na ya juu kwa kilo. Tumeni takwimu hizo hizo kwa simu kwa watendaji wa vijiji vya Kongwa na Kiteto. Waandikisheni wanawake wanaochekecha na vijana wanaopakia, kwa majina na kwa siku za kazi, ili bajeti ya kituo cha afya na ya maji iwakute wamo. Mkulima akijua bei ya kilo kabla mnunuzi hajafika uwanjani kwake, atakuwa na la kusema kuhusu debe la saba.